Jicho la Um Issa na Njia ya Yerusalemu

Nilikwenda Bethlehemu kwa sababu ya jicho moja. Halikuwa langu. Yangu yote mawili ni mazima, namshukuru Mungu, ingawa siku hizi nasoma Biblia nikiwa nimeinyoosha mbali kama mtu anayetaka kuirudisha dukani. Lilikuwa jicho la kulia la Um Issa, mama yake Samira. Samira ni mwenzangu wa shifti katika nyumba ya kutunzia wazee upande wa Bankstown, Sydney. Tumegeuza wagonjwa pamoja na kutandika vitanda pamoja, na hata uraia wa Australia tuliupata katika sherehe moja, kila mmoja na kibendera chake cha karatasi. Pasi zetu ni za rangi moja, na kangaruu wa kwenye yake ndiye huyo huyo wa kwenye yangu.

Jicho la kushoto la mama huyo lilishakufa kwa presha ya macho. Hilo la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho hadi akawa anaona kivuli tu. Madaktari wa kwao waliogopa kuligusa jicho pekee lililobaki, wakamwandikia aende kwa mabingwa Yerusalemu. Hospitali ikampa siku moja ya upasuaji, na Samira, ambaye hakuwa amefika kwao kwa miaka tisa, akaomba livu ili ampeleke.

"Mama Brian, twende wote," aliniambia tukinywa chai kazini. "Si kila Disemba mnaimba Bethlehemu kanisani kwenu?"

"Kuimba ni kuimba," nikamjibu. Lakini nilikuwa na livu yangu iliyolala tangu mwaka juzi, na moyoni nilikuwa nimeshafungasha.

Ruhusa yangu ya kuingia niliiomba kwa simu nikisonga ugali, na jibu likaja kabla hatujamaliza kula. Ya Samira ndiyo iliyonifundisha somo la kwanza. Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi akitaka kuingia Yerusalemu, huomba kibali kwa jeshi la Israeli. Mgonjwa huomba chake na anayemsindikiza huomba chake, na cha mmoja hakimsaidii mwenziwe. Zamani wazee walipitishwa kwa umri wao tu, lakini tangu vita vianze mlango huo umefungwa. Issa, kaka yake Samira, alishakataliwa kumsindikiza mama yake kwa sababu za usalama, na sababu zenyewe hakuelezwa. Samira anaishi Fairfield, ila ana kitambulisho cha kwao cha kuzaliwa, kwa hiyo na yeye ilibidi aombe.

"Lakini wewe ni Mwaustralia," nikasema.

"Huku," akajibu, akaendelea kukoroga chai yake.

Nyumbani kwangu Campbelltown, asubuhi ya kuondoka, nilizungukwa kama bi harusi. Mama Furaha, Mkongomani wa Goma tunayesali naye, alikuja na mfuko mtupu. "Dada, uniletee ata kamawe kamoja ya Betelehemu," akasema. "Kadogo tu. Na ukipata na maji ya Yordani, merci." Mwanangu Brian, ambaye Kiswahili anakisikia chote na hakijibu hata kidogo, alibeba sanduku langu hadi garini akiuliza, "Mum, is it safe though?" Nikamwambia penye wazee wanaohitaji kupelekwa hospitali ni kazini kwangu, na kazini sijawahi kuogopa. Ukweli ni kwamba niliogopa kidogo.

Angani sina mengi ya kusimulia. Ni safari ndefu ya kula, kulala vibaya na kula tena. Samira hakulala. Kila tulipotua aliwasha simu kuangalia kama Issa ameandika neno kuhusu kibali, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: kinachunguzwa. Tulipofika Amman nilikuwa nimeshalichukia neno hilo, nami nilikuwa nalijua kwa siku mbili tu.

Asubuhi iliyofuata, darajani. Mpaka kati ya Yordani na upande wa pili ni daraja, nami nilikuwa nimejitayarisha kuuona mto wa Biblia. Jamani, mto wenyewe ni mwembamba. Mifereji ya Campbelltown mvua ikinyesha inabeba maji zaidi. Nilikuwa bado nashangaa hilo Samira aliponishika mkono.

"Hapa tunaachana," akasema.

"Tunaachana vipi? Tumekuja wote."

"Watalii kule. Sisi huku."

Alikuwa ameshika pasi ile ile yenye kangaruu, na juu yake kitambulisho cha kijani, na hicho cha kijani ndicho kilichohesabiwa. Nilitaka kupanga foleni naye. Ndivyo nilivyolelewa, huwezi kumwacha mwenzako foleni ukaenda kukaa kwenye kiyoyozi. Askari wa pale alinitazama kama mtu aliyeingia choo kisicho chake, akanionyesha jengo la watalii kwa kidole. Nikaenda. Mle ndani binti mmoja aliniuliza naenda wapi, nikasema Bethlehemu, akauliza mimi ni wa kanisa gani, nikaanza kumweleza kwa kirefu, akanipitisha haraka ili ninyamaze. Mkoba wangu ulipekuliwa, na kilichowasumbua ni kopo langu la mafuta ya kujipaka. Walilifungua, wakalinusa, wakaitana kulitazama. Niliwaambia kwetu mtu hatoki nyumbani na magoti meupe. Sijui kama walielewa, ila walinirudishia.

Adhuhuri nilikuwa Yerusalemu. Gari la abiria lilitushusha karibu na lango la mji wa kale, nikala mkate wa ufuta nimesimama, nikapanda basi jingine, na kabla kiti hakijapata joto nikaambiwa nimefika. Kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni kama kutoka Campbelltown hadi Ingleburn. Mtu akiwa na hasira anaweza kuutembea mwendo huo akafika hasira ikiwa bado mbichi. Katikati pana ukuta mrefu wa zege, na katika ukuta pana kizuizi cha jeshi chenye vyuma vya kuzunguka. Wa kuingia Bethlehemu hakuulizwa kitu. Nikapita nikivuta sanduku, na upande wa pili Issa alikuwa ameegemea teksi yake. Ni mwanamume mpana, mpole, mwenye Kiingereza cha kuongea na wageni.

"Samira yuko wapi?" nikamuuliza.

"Bado yuko darajani. Akitoka huko atapita Yeriko, halafu Bonde la Moto."

Nilidhani ananitania, lakini ndilo jina la barabara hiyo. Kwa kuwa hawaruhusiwi kukatiza Yerusalemu, huzunguka kwa mabonde yenye kona za kutapisha. Nilifika mjini kwao kabla ya mwenyeji wangu, nikiwa sijui njia wala lugha, na yeye aliyezaliwa hapo alikuwa bado anazungushwa milimani.

Nyumbani kwao, mlangoni, likanipata jambo ambalo sikulitarajia. Um Issa alikuwa ameketi karibu na mlango tangu asubuhi, amevaa gauni refu jeusi lililodariziwa kifuani kwa nyuzi nyekundu. Jina hilo maana yake ni Mama Issa, kwa sababu huko nako mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza kama sisi tu. Aliposikia viatu vya kike kizingitini akainuka, akanyoosha mikono, akanikumbatia. "Samira," alisema. "Samira, Samira." Alikuwa analia begani kwangu.

Sikumsukuma. Ningeanzaje? Mkono wake ulipanda mgongoni hadi kichwani, ukakuta misuko yangu, ukasimama. Ukashuka shavuni, ukapapasa pua yangu ya Kakamega. Nikamsikia akivuta pumzi, na nikaona haya kana kwamba nimemwibia kitu. Kisha akacheka, kicheko cha mtoto mdogo, na hakuniachia. Akasema maneno, Issa akatafsiri huku anajifuta macho: "Anasema, basi atakukumbatia wewe mpaka mwenyewe afike."

Mwenyewe alifika jua limeshazama, vumbi hadi kwenye nyusi. Nilikwenda jikoni, nikajishughulisha na kuosha vikombe visivyo vichafu.

Siku zilizofuata nilikuwa mtalii hasa. Nilishuka pangoni alimozaliwa Bwana, nikaimba kwa Kiswahili kwa sauti ya chini, na mlinzi akaniambia niongeze sauti. Nikaokota kijiwe cha Mama Furaha. Mji ulikuwa mtulivu kupita kiasi. Wageni walikuwa wachache, na wenye maduka ya vinyago vya mzeituni walinisalimu kama ndugu aliyepotea. Nilinenepa pia. Kwa Um Issa huruhusiwi kuona sahani tupu, ingawa yeye sahani hiyo haioni. Aliisikia kwa mlio wa kijiko. Kijiko kikikwaruza tu, mkono wake umeshakuja na wali mwingine.

Chini ya raha hiyo yote kulikuwa na simu ya Issa mezani. Alikwenda mara mbili kwenye ofisi ya kupeleka maombi na kurudi na neno lile lile. Nilimuuliza mtu anasubirije hivyo.

"Unaweka miadi, halafu hupangi kitu," akasema. "Kibali kinaweza kuja leo, kinaweza kuja baada ya miadi kupita. Yote mawili tumeshayaona."

Jioni ya kuamkia upasuaji, simu ikalia tukiwa mezani. Issa akasoma, akaiweka chini kwa uangalifu. Mama amepewa, kibali cha siku moja, alfajiri hadi jioni. Samira hakupewa.

 Samira alisimama akaenda barazani, nami nikamfuata. Kwa mbali taa za Yerusalemu zilikuwa zinawaka, karibu kabisa.

"Nimetoka Sydney," akasema. "Nimevuka dunia nzima. Imebaki hapo."

"Kama asipoenda?"

"Wanampa mgonjwa mwingine nafasi. Sisi tunaanza tena. Miadi mpya, maombi mapya, miezi. Daktari alisema asichelewe zaidi, jicho litakuwa kama mwenzake." Kisha akanitazama. Najua jinsi Samira anavyonitazama anapotaka nimbadilishie shifti ya Jumapili.

"Usiombe," nikamwambia. "Nimeshakubali tangu mezani. Nilikuwa nangoja tu muache kuwa na huzuni nipate nafasi ya kusema."

Alfajiri, kwenye kizuizi. Issa alituleta hadi mwisho wa ruhusa yake, yaani hadi penye kibanda cha kahawa. Samira alimfunga mama yake kilemba, akamfungua, akamfunga tena. Akanipa faili la hospitali na namba za simu tatu. Um Issa alinishika mkono juu ya kiwiko, namna wanavyoshika wazee wasioona, na nikajisikia niko kazini. Hilo lilinituliza.

Njia yenyewe ni ujia mrefu wenye vyuma pande zote mbili. Watu walikuwa wachache, wengi wagonjwa kama yeye. Kijana mmoja alimbeba baba yake mgongoni. Tukafika kwenye vyuma vya kuzunguka, na hapo nikafanya kosa la kwanza la siku: niliingia naye mlemle, wanawake wawili wenye makalio ya heshima kwenye nafasi ya mtu mmoja. Tulikwama. Nyuma yetu watu wakaanza kucheka, na Um Issa akacheka kuliko wote, na mzee mmoja akatusukuma kwa adabu hadi tukachomoka upande wa pili.

Ndani, nyuma ya kioo, alikaa askari wa kike wa umri wa Brian, na mbele yake mashine ya kusoma vidole. Mimi aliona pasi yangu kwa mbali tu.

"Wewe pita," akasema kwa kipaza sauti.

"Niko naye."

"Pita, umngoje kule."

"Haoni," nikasema. "Namngojea hapa hapa."

Um Issa akaweka kidole. Mashine ikawasha taa nyekundu. Akaweka kingine, nyekundu. Askari akasema mkono wa pili, na mkono wa pili nao vilevile. Kitambulisho kilikuwa sawa na kibali kilikuwemo kwenye kompyuta, jina lake na siku yake, askari mwenyewe alikiri. Ila mashine haikumjua. Niligeuza kile kiganja nikakitazama, nikaelewa. Huyu mama amedarizi magauni tangu msichana na kukanda unga kila siku ya maisha yake. Vidole vyake vilikuwa laini kama upande wa ndani wa kijiko, vikavu, na kwa baridi ile ya alfajiri vilikuwa vimekufa ganzi.

"Hakisomeki," askari akasema. "Arudi, aende ofisini wamtengenezee kadi nyingine."

"Anafanyiwa upasuaji leo asubuhi."

"Naona. Mashine haimsomi."

Hapo nilikasirika. Nilikasirika hadi nikasahau Kiingereza, nikamwambia kwa Kiswahili mambo ambayo ningemwambia Brian akiniletea upuuzi jikoni. Hakuyaelewa, lakini sauti ya mama haina lugha, na akaacha kutafuna alichokuwa anatafuna. Um Issa aliposikia sauti yangu imepanda alinibana kiwiko. Aliogopa wasije wakanifukuza mimi, macho yake ya siku hiyo. Nikavuta pumzi, nikafungua mkoba, nikatoa kopo langu.

Mafuta ya kujipaka. Kwetu mtoto hatoki kwenda shule bila kung'aa, na mtu mzima akionekana mkavu watu huuliza kama kuna msiba. Nikaikamata ile mikono nikaisugua kama nilivyoisugua ya watoto wangu, kiganja, mgongo, kidole kimoja kimoja, nikiipulizia pumzi ipate joto. Foleni ikatulia kutazama. Um Issa aliachia mikono yake yote kwangu. Akaweka kidole kwenye mashine, kikateleza, kikaacha doa kubwa la mafuta, na mashine ikakataa kusoma mtu yeyote.

Ndiyo. Nilikuwa nimeharibu mashine ya jeshi. Askari alifumba macho kama mtu anayeomba subira. Nilitoa leso, nikapangusa kioo, nikapangusa kidole, nikapangusa kioo tena nikisema sorry, sorry, na mzee wa nyuma akanipa leso yake kavu. Kidole gumba cha kulia, kikiwa sasa kina joto na unyevu wake, kikawekwa. Taa ikasita, ikawaka kijani.

Askari alitazama skrini, akanitazama mimi. "Ni mafuta gani hayo?" akauliza, bila kipaza sauti. Nikamwambia ya kawaida tu, ya dukani. Akatikisa kichwa, akatuachia. Sijui alikuwa anawaza nini. Alikuwa mtoto wa mtu, ana kazi ya kuamua nani anaenda hospitali, na mashine ndiyo inayomwamulia.

Hospitalini, Yerusalemu, tulikaa kwa muda mrefu tukingoja kuitwa, watu wawili wasio na lugha. Halafu tukagundua tunayo. Nikasema dawa, akaitikia. Akasema damu, nikaonyesha mkono. Sukari, kahawa, sabuni, saa: tulikwenda hivyo kama watoto wanaotoleana shanga mifukoni, na kila moja ikifanana alinigonga goti. Muuguzi alipokuja kumchukua aliuliza mimi ni nani yake. Um Issa akajibu kabla yangu. Sikumuuliza muuguzi mama alimjibu nini.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari, Mpalestina wa Yerusalemu mwenye macho ya kuchoka, aliniambia bandeji itolewe kesho asubuhi na yeye angependa aitoe mwenyewe.

"Kesho hana kibali," nikasema.

"Najua," akasema. "Huwa nawaambia tu ili mjue ningependa nini." Alipojua kazi yangu akanionyesha namna ya kuitoa, namna ya kutia matone, na dalili za kumpigia simu. Miadi ya kuangaliwa tena ni baada ya majuma machache, akasema, na kwa hiyo wataomba upya.

Kurudi tulipita kizuizini bila swali. Hakuna mashine upande huo. Samira alikuwa amesimama penye kibanda cha kahawa tulipomwacha, na mwenye kibanda aliniambia hakuondoka hapo mchana kutwa.

Asubuhi, nyumbani, nilinawa mikono hadi kwenye viwiko, nikafunga mapazia nusu. Samira alikaa kwenye kigoda mbele ya mama yake, magoti yakigusana. Alikuwa amepaka wanja na kuupangusa na kupaka tena. Nikabandua plasta polepole, nikaondoa pamba, nikasafisha kope. "Fungua," nikasema kwa Kiswahili, na akafungua.

Alimtazama mwanawe. Machozi yalitoka jicho moja tu, nikaogopa kuwa ni ya matone, nikajiambia niache uuguzi wangu. Alinyoosha mkono, akashika nywele za Samira penye sikio, akasema sentensi fupi. Samira akaangua kicheko na kilio pamoja.

"Anasema nini?" nikamuuliza Issa.

"Anasema, una mvi. Nani alikuruhusu?"

Kisha akanigeukia mimi, akanikagua toka misuko hadi viatu, bila haraka, akasema kitu kingine. Issa alikataa kutafsiri. Nilimbana hadi jioni ndipo akakiri: mama yake alidhani mimi ni mwembamba.

Siku ya kuondoka, Um Issa alikuja hadi barabarani. Teksi ilipoanza kushuka kilima niligeuka, nikamwona amesimama katikati ya njia, mkono juu ya jicho kuzuia jua, anatazama. Samira hakugeuka. "Miaka tisa iliyopita alinisindikiza hivi hivi, ila alikuwa haoni vizuri," akasema. "Nilikuwa naondoka kirahisi." Darajani tuliachana tena, yeye huku, mimi kule, na upande wa Yordani nilimngojea hadi soda mbili zikapata moto mkononi mwangu.

Sydney. Mama Furaha amekiweka kijiwe chake kwenye kabati la vyombo, na kila mgeni huonyeshwa. Wenzangu wa kanisani waliniuliza nimejifunza nini Bethlehemu, wakitarajia neno la hori na nyota. Niliwaambia nilikwenda nikidhani kibali ni kitu unachopewa ukawa nacho. Kumbe ni kitu unachoomba, ukapewa jioni moja, kikaisha jioni ya pili, ukaanza tena ukiwa umechoka zaidi. Na mimi niliyepita kila lango kwa kutikisa pasi sikuwa nimefanya lolote la kustahili. Hilo linaniuma, na nimeamua liendelee kuniuma.

Kibali cha Um Issa cha kwenda kuangaliwa jicho bado kinachunguzwa. Issa anamtia matone, mimi nampigia kila wiki nikimkagua kwa kamera kadiri ninavyoweza. Zamani Samira akimpigia, mama huyo alikuwa akiweka simu sikioni. Sasa anaishika mbele ya uso, karibu mno, tunaona zaidi paji. Jumapili iliyopita alisema anataka kuona mwanawe anaishije. Samira akamwonyesha nyumba, jiko, bustani ya nyanya. Haikutosha. Akataka kuona njia. Tulikuwa tunakuja kwangu Campbelltown kula, basi tukaondoka naye simuni.

Stesheni ya Fairfield Samira aligusisha kadi, lango likafunguka. "Nani alifungua?" mama akauliza. Limejifungua, Samira akamjibu. Tukapanda. Treni iliposimama Cabramatta, Um Issa akauliza kama hapo ndipo wanaposhuka kukaguliwa. Hapana, Yamma, akamjibu, yaani mama, hapa watu wanapanda tu. Liverpool akauliza tena, na watu wengi walikuwa wanaingia, akawatazama nyuso moja moja. Glenfield tulibadilisha treni, akasema, haya, ndipo hapa. Hapana. Ingleburn. Minto. Samira alikuwa anamjibu na kunitafsiria, sauti yake ikipungua kila kituo, na mimi nilikuwa natazama nje ya dirisha kwa sababu sikutaka auone uso wangu.

"Mbona mmeshuka?" mama akauliza tuliposhuka Campbelltown.

"Tumefika, Yamma."

"Mmefika? Na hakuna aliyekuuliza?"

"Hakuna."

Akaisogeza simu hadi jicho lile moja likaijaza skrini yote. Kisha akasema, na Samira akanitafsiria taratibu: "Rudini mpande tena. Nataka kuiona treni ikienda."

Wali wangu ulikuwa jikoni unangoja. Tukavuka upande wa pili, tukapanda.